Mimba Moja Bondeni

"Ombi limepokelewa," ilisema Mizani, kwa ile sauti yake ya mtu aliyelala vizuri akaamka akakuta chai mezani. "Mama Generoza Sangu hakuandikishwa kabla ya wiki ya kumi na sita. Yupo kwenye foleni ya wachelewaji. Muda wa kusubiri ni dakika mia tano na arobaini."

Sista Odilia Kapele hakuhitaji kalamu. Masaa tisa. Ilikuwa saa nne asubuhi, na nyuma ya pazia mtoto wa Generoza alikuwa amekingama tumboni kama kuni iliyokataa kuingia mlangoni, mkono wake mmoja umetangulia kutoka. Mtoto wa namna hiyo hazaliwi kwa kusukuma, hata mama yake angekuwa na nguvu za trekta. Anatolewa kwa kisu, la sivyo mji wa mimba unapasuka na wote wawili wanakwenda. Odilia alimhesabia Generoza masaa matatu, manne kama Mungu angeona huruma.

"Mtoto amekingama," aliuambia ukuta, maana Mizani ilikaa ukutani, kwenye kioo cha ukubwa wa sinia. "Umesikia? Amekingama. Mkono umetoka."

"Taarifa ya ziada imeongezwa. Muda wa kusubiri ni dakika mia tano na thelathini na nane."

"Dakika mbili! Umetupunguzia dakika mbili!"

"Unagombana na sinia, mwanangu," alisema Bibi Perpetua, mama mkwe wa Generoza, aliyekuwa amekaa sakafuni karibu na kitanda, ameshika mguu wa mkamwana wake.

"Nagombana na waliolitengeneza, Bibi. Sema tu hawapo hapa niwakamate masikio."

Kilichomchoma zaidi ni kwamba ndege ilikuwepo. Ukisimama mlangoni mwa zahanati ya Kalambwe uliiona kwa macho yako, nukta nyeupe kwenye ukingo wa Lyamba, ule ukuta mrefu wa mlima unaolitenga bonde na nyanda za juu. Ilikuwa ndege ya wazazi, isiyo na rubani, yenye kitanda kimoja na mikono laini ya kumshikilia mgonjwa. Wenyeji waliiita Mkwe, kwa sababu unamtandikia mkeka, unamchinjia jogoo, halafu anakuja siku anayotaka mwenyewe. Kutoka ukingoni hadi uwanja wa mpira wa Kalambwe ni dakika kumi na nne. Mkwe alikuwa amekaa kule juu wiki ya tatu sasa, akimsubiri mzazi mmoja tu, na mzazi huyo hakuwa Generoza.

Mizani haikuwa na chuki na mtu, na hilo ndilo lililomkera Odilia, maana mwenye chuki unaweza kumbembeleza. Mizani ilihesabu. Kila mwezi ilijumlisha wajawazito walioandikishwa mapema katika kila kata, ikatazama bangili zao zinasema nini kuhusu damu na mapigo ya moyo, kisha ikagawa ndege kwa kadiri ya hesabu. Nyanda za juu, ambako mwanamke akikosa siku zake mara moja tu anakimbilia kuvaa bangili, zilipewa ndege kumi na moja. Bondeni ilikuwepo moja. Kwa mujibu wa Mizani, kata nzima ya Kalambwe ilikuwa na mimba moja. Odilia alikuwa anazijua nyingine ishirini na tatu.

Alizijua kwa sababu yeye ni mkunga, na mkunga haambiwi, anaona. Huko Kalambwe mimba haitajwi. Mwanamke mwenye mimba changa ana malaria, au ana uchovu, au ameshiba vibaya. Anayeitangaza ni mama mkwe, mwezi wa tano ukishatimia, kwa kusaga ulezi na kupeleka uji nyumba kwa nyumba bila kusema neno. Uji ukifika mlangoni, jirani anakunywa, anasema umeiva, basi, mimba imekuwepo duniani. Kabla ya uji, anayeitaja anaiitia macho ya watu. Na mwezi wa tano ni wiki ya ishirini, na Mizani inafunga mlango wiki ya kumi na sita.

Odilia alikuwa ameandika barua saba kuomba huo mlango usogezwe wiki nne tu. Wakala wa Usafiri wa Wazazi ulimjibu mara moja, kwa mistari miwili, na mstari wa pili ulikuwa methali: mficha uchi hazai. Alicheka kwa hasira siku nzima. Wanawake wa Kalambwe walikuwa wanaficha na wanazaa kila mwaka, ila wengine walikuwa wanazaa wakafa.

"Sista," Generoza aliita kutoka nyuma ya pazia. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mumewe alikuwa ng'ambo ya bonde akivuna ufuta. "Mkwe anakuja?"

Odilia alivua glavu, akavaa kandambili zake. "Nakwenda kumwita," alisema.

*

Mimba moja ya Kalambwe ilikuwa darasa la tatu, inafundisha kutoa kwa kukopa.

Mwalimu Kokuhirwa alikuwa Mhaya, amehamishiwa Kalambwe mwezi wa nne, na alikuja na bangili yake mkononi kutoka mjini. Mtoto wake wa kwanza, Alinda, alizaliwa kwa kupasuliwa, na sasa alikuwa kwa bibi yake Bukoba. Kovu la Alinda ndilo lililomweka Mkwe ukingoni. Mizani ilijua kwamba tumbo lililoshonwa mara moja halifai kujaribiwa bondeni, na kwa hilo Odilia hakuwa na ubishi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, labda mbili.

Njiani kuelekea shuleni Odilia alijisemea maneno mengi na yote yalikuwa mabaya. Kumwomba mtu bangili yake ni kumwomba ndege yake, na kumwomba ndege yake ni kumwambia: kaa wewe usubiri ya Mungu. Je, mtu anaweza kukataa ombi la namna hiyo mbele ya mkunga wake? Akikubali, atakuwa amekubali kweli, au atakuwa amebanwa ukutani? Ndipo wazo jingine likamjia, dogo na jepesi, kama yanavyokuja mawazo ya wizi. Asimwambie. Aseme amekuja kuikagua.

Kokuhirwa alitoka nje ya darasa akijipangusa chaki. "Sista Odilia! Kuna nini, mbona unahema?"

"Nimekuja kukagua bangili yako, Mwalimu. Inahitaji kusafishwa."

Kokuhirwa alinyoosha mkono. Hakuuliza hata swali moja. Odilia akaishika ile bangili, akabonyeza kifungo, ikalegea. Aliutazama mkono ule ulionyooshwa bila wasiwasi na akajiona mchafu kuliko alivyowahi kujiona katika miaka ishirini na miwili ya kazi.

"Nimekudanganya," alisema. "Haihitaji kusafishwa."

Akamwambia yote pale pale barazani, huku watoto wakiimba hesabu ndani. Kokuhirwa alisikiliza, na uso wake ukabadilika taratibu kutoka hofu hadi hasira.

"Kwa nini huyo hakuandikishwa?"

"Huku mimba haitajwi kabla ya..."

"Najua, nimekunywa huo uji mara nne! Nauliza wewe. Wewe ulijua. Wangapi wengine unawajua?"

"Ishirini na wawili, ukimwondoa yeye."

"Na umenyamaza! Ungewaandika wote, tungekuwa na ndege nne, tano! Leo usingekuja kunivua mimi."

Odilia alikuwa na jibu, na alilichukia kwa sababu lilikuwa la kweli na halikusaidia. "Mwaka wangu wa kwanza hapa nilimwandika mmoja. Mimba ya wiki nane. Jioni ile ile Mizani ikapiga simu nyumbani kwao, ikatoa pongezi kwa sauti kubwa, ukoo mzima uko mezani. Baada ya mwezi ile mimba ikatoka. Wakasema ni mdomo wa nesi. Mwaka mzima hakuna mwanamke aliyekanyaga zahanati, Mwalimu. Walizalia majumbani. Watatu nilikwenda kuwazika. Basi nikachagua waje bila ndege, kuliko wasije kabisa."

"Ulichagua."

"Nilichagua. Na sijui mpaka leo kama nilichagua vizuri. Nikilala najiuliza, nikiamka najiuliza."

Kokuhirwa aliegemea ukuta, mikono imeshika kiuno. Mlimani kule, nukta nyeupe ilikuwa pale pale. Barabara ya kupanda Lyamba ilikatwa na mvua za masika na hakuna aliyekuja kuitengeneza, kwa kuwa Wakala ulisema siku hizi kuna ndege. Alijua hilo, na ndiyo maana alikubali kubaki kazini hadi wiki za mwisho. Alikuwa ameahidiwa ndege.

"Nikikataa?" aliuliza.

"Narudi zahanati. Sitakulaumu, na hakuna atakayejua kwamba nilikuja."

"Na yeye?"

Ndani ya darasa mtoto mmoja alikuwa anapiga kelele kwamba saba haitoki kwenye tatu, lazima tukope jirani.

"Wewe mwanamke," alisema Kokuhirwa, na machozi ya hasira yalikuwa yanamtoka, "afadhali ungeiba." Akaivua bangili mwenyewe, akamtupia mkononi. "Chukua. Chukua upesi kabla sijafikiri. Na mimi nakuja, nimwone huyo ninayempa."

*

Bangili ilikaa dakika tatu kwenye mkono wa Generoza, ikapiga mlio mkali kama wa birika.

"Dalili za hatari," ilisema Mizani. Safari hii sauti yake ilikuwa na haraka ndani yake, na Odilia akatamani kuirushia kiatu, kumbe haraka ilikuwa nayo siku zote. "Mama Kokuhirwa Rwegasira, tulia. Ndege imeondoka. Dakika kumi na nne."

Walimbeba Generoza kwa machela hadi uwanjani, Odilia na Bibi Perpetua na wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni ya dawa. Kokuhirwa alitembea kando, ameshika mkono wenye bangili yake, akimwambia msichana yule apumue, apumue, asisukume. Mkwe alitua katikati ya uwanja na kupeperusha vumbi na vifaranga. Mlango ukafunguka. Mikono laini ikatoka nusu, ikasimama.

"Kwa usalama wako," ilisema sauti, "taja jina lako kamili."

Odilia aliganda. Miaka ishirini na miwili kazini, na hilo alikuwa halijui. Mizani ilikuwa na sauti za wote walioandikishwa, ilizirekodi siku ya kuwavisha bangili. Generoza alifumbua mdomo, kikatoka kilio tu.

"Taja jina lako kamili."

"Sema wewe, Bibi, sema chochote," alinong'ona mmoja wa wanawake, kana kwamba mlango ule ungedanganyika na bibi wa miaka sitini na tisa.

Kokuhirwa aliinama hadi uso wake ukagusana na uso wa Generoza. Mtu akiwa mbali angedhani anambusu. "Kokuhirwa Rwegasira," alisema, kwa sauti ya darasani, kila silabi mahali pake.

"Karibu, Mama Kokuhirwa."

Mikono ikampokea Generoza, mlango ukajifunga, Mkwe akapanda. Kokuhirwa alibaki amesimama ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, huku Bibi Perpetua akimtazama kama mtu anayetaka kushukuru na hajui aanzie wapi. Mwishowe bibi alivua khanga yake ya begani, akamfunga nayo Kokuhirwa kiunoni, akaikaza chini ya tumbo kama wafungwavyo mabinti wa nyumbani.

*

Saa saba na robo kioo cha ukutani kililia.

"Mama Kokuhirwa Rwegasira amejifungua salama kwa upasuaji. Mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia moja. Mama anaendelea vizuri."

Bibi Perpetua alipiga magoti akamshukuru Bikira Maria kwa Kifipa, na Odilia alikaa kitini. Alikuwa hajamaliza kupumua Mizani ilipoendelea.

"Hongera, zahanati ya Kalambwe. Wajawazito wote walioandikishwa katika kata yenu wamehudumiwa. Mmefikia asilimia mia moja. Waliobaki ni sifuri. Kituo cha ndege cha bondeni kitafungwa leo saa kumi alasiri, na ndege itahamishiwa penye uhitaji. Endeleeni na kazi nzuri."

Kokuhirwa alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno.

"Mwandikishe tena," alisema Bibi Perpetua, akisimama. "Huyu hapa, tumbo hili hapa, halihitaji hata uji. Mwandikishe sasa hivi!"

Odilia alijaribu. Mizani ilimjibu kwa upole kwamba mama aliyejifungua leo hawezi kuandikishwa mimba mpya kabla ya siku arobaini na tano kupita. Akajaribu tena, Kokuhirwa akitaja jina la kwanza tu. Ikasema sauti inafanana na ya mama aliyejifungua leo, ampe pole na ampumzishe. Hapo ndipo Odilia alipopiga simu kwa Wakala, akapiga, akapiga, hadi mara ya sita akapokea binadamu, mwanamke, kijana kwa sauti yake.

"Nataka kutoa taarifa ya bangili," alisema Odilia. "Kuna bangili imevaliwa na..."

"Subiri, sista," yule afisa alimkatiza haraka. "Kabla hujamaliza hiyo sentensi nikusomee kanuni. Kata ikithibitika imebadilishana bangili, inafungiwa siku tisini. Haipati ndege, haipati hata foleni. Na mzazi aliyebebwa kwa bangili isiyo yake anaondolewa wodini anarudishwa kituo alikotoka. Sasa, ulikuwa unasema bangili imefanyaje?"

Odilia alitazama ukuta. Wanawake ishirini na wawili wenye malaria isiyo malaria. Foleni ya masaa tisa ilikuwa matusi, lakini ilikuwa foleni. Na Generoza, tumbo limeshonwa saa hii hii, arudishwe kwa njia gani? Kwa upande wa pili wa mizani hiyo alikuwepo mtu mmoja, amesimama mlangoni na khanga ya bibi kiunoni, aliyempa Generoza alichokuwa nacho.

"Kama nina mzazi mwenye kovu," aliuliza polepole, "wiki ya thelathini na saba, hayupo kwenye hesabu zenu. Nifanye nini?"

"Huku juu kuna nyumba ya kungojea wazazi, jirani na hospitali," alisema afisa. "Haina bangili. Anayefika kwa miguu yake anapokelewa. Mimi sikusikia kingine, sista. Samahani. Kwa kweli samahani."

Odilia aliweka simu chini. Alitaka kulia, akaona hasira imekaa mahali pote pa machozi.

"Nimesikia," alisema Kokuhirwa. "Kwa miguu ni masaa mangapi?"

"Mtu mzima mwenye afya, sita."

"Na mimi?"

"Sijui, Mwalimu. Sijawahi kumpandisha Lyamba mtu mwenye kovu na mimba ya wiki thelathini na saba. Siwezi kukudanganya mara mbili kwa siku moja. Unaweza kushikwa na uchungu katikati ya mlima."

"Na nikikaa hapa?"

"Unaweza kushikwa na uchungu hapa, na mimi sina kisu."

Bibi Perpetua alishauri waondoke alfajiri, jua likiwa bado changa, walale nusu ya njia kwa dada yake anayekaa karibu na mapango ya mlimani. Ndivyo ilivyofanyika. Usiku ule Odilia aliwaachia wanawake wa Kalambwe vidonge na maelekezo na ufunguo wa zahanati, akijua vizuri kwamba kwa siku mbili, au tatu, wajawazito ishirini na wawili watakuwa hawana nesi. Kila alipogusa huku, kule kulifunuka, kama shuka fupi.

Asubuhi walifika chini ya Lyamba, njia inapoanza kusimama. Kokuhirwa alikaa kwenye jiwe avae viatu vyake vya michezo, na hapo simu yake ikaita. Alitazama jina, akaziba macho kwa kiganja, kisha akapokea. Sauti ya mumewe ilisikika hadi kwa Odilia, inapasuka kwa furaha kutoka Bukoba.

"Mama Alinda! Sikupata usingizi! Walinitumia ujumbe jana mchana, mtandao wa huku bure kabisa, nimeusoma sasa hivi. Msichana! Kilo tatu! Kwa nini hukunipigia? Mko salama? Mama yangu anaimba hapa, amewaamsha majirani wote. Niambie, mtoto mzima?"

Simu za waliovishwa bangili zilisikilizwa na Wakala, kila mtu alijua. Mwalimu Kokuhirwa aliutazama mlima mbele yake, kutoka chini hadi juu.

"Mzima," alisema. "Mtoto ni mzima, Baba Alinda. Na mama yake pia ni mzima. Nitakupigia nikipumzika."

Akakata simu. Akainama afunge kamba za viatu, tumbo likamzuia, akajaribu tena, likamzuia. Odilia alipiga magoti kwenye changarawe, akamfungia.